Kiharusi Kilichopigiwa Makofi

Wanangu wa ambilansi,

Siku ile mliponiaga mliniomba maneno machache, na kweli nilisema machache, maana brosheti za nyama zilikuwa zinapoa na mkubwa wetu alikuwa ameshatumia maneno ya watu wote. Sasa nimestaafu. Niko nyumbani, magoti yananiuma, simu imenyamaza, na maneno yamenijaa. Nitayaweka hapa. Nilipandishwa cheo lini na nilirukwa lini hamtayakuta. Hayo hayajawahi kumwamsha mgonjwa.

Nataka kuwaandikia juu ya kiharusi, huu ugonjwa ambao mji mzima unauita AVC, na juu ya ule muda kati ya mtu kuanguka na mlango wa hospitali kufunguka. Mi maisha yangu ya kazi niliyaishi ndani ya muda huo. Nasikia siku hizi kuna nchi ambako gari lenyewe limebeba mashine ya kupiga picha ya kichwa. Mgonjwa anapigwa picha mbele ya geti lake, daktari anaisoma akiwa mbali, na dawa inaingia mshipani hata kabla dereva hajawasha moto. Mungu awazidishie. Letu sisi lilikuwa na machela, chupa ya oksijeni, kipimo cha sukari, kipimo cha tension, yaani presha ya damu, simu moja, na Ramazani.

Ramazani alikuwa dereva, mtoto wa Buyenzi hapa Bujumbura, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku yangu ya kwanza nilikuja nimetoka wadi ya wanawake, viatu vyeupe vimepigwa rangi, najiona muuguzi kamili. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Mama Jene, na izi viatu utalia."

Na nikalia kweli, siku hiyo hiyo, kwenye matope ya Jabe. Tuliitwa sokoni. Muuza sandali alikuwa ameanguka katikati ya bidhaa zake, mkono mmoja umelegea, maneno yanamtoka kama ya mlevi. Nusu ya soko ilisema amepooza. Nusu nyingine ilisema amepewa sumu, na hao ndio walionipa shida zaidi, kwa sababu kwetu dawa ya sumu ni maziwa, na mama mmoja wa mboga alikuwa ameshapata kikombe kizima anakielekeza mdomoni mwa mgonjwa. Mtu asiyeweza kumeza ukimmiminia maziwa, yanaishia kwenye mapafu. Mi nilitaka kumpokonya. Ramazani akanishika mkono, akamwendea yule mama kwa adabu zote.

"Mama, maziwa yako ni muzuri sana. Utuchungie. Akiamuka, ni we mwenyewe utamupa."

Yule mama akasimama na kikombe chake kifuani kama aliyepewa kazi ya serikali, akawa yeye ndiye anayewafukuza wengine wasikaribie. Nikapima sukari: chini kabisa. Mtu wa watu alikuwa na kisukari, alijichoma sindano yake asubuhi akasahau kula. Nikampa sukari ya mshipani palepale, amelala juu ya sandali. Baada ya kitambo akafungua macho, akakaa, akauliza ni nani amekanyaga bidhaa yake. Soko likalipuka kwa haleluya. Mchungaji mmoja aliyekuwa anaombea pembeni alichukua sifa zote, na mi sikubishana naye, nilikuwa natafuta kiatu changu cha kushoto kwenye matope. Toka siku ile, kwa kila aliyeanguka, kitu changu cha kwanza ni sukari. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, hata kama ukoo mzima unawapigia kelele kwamba ni AVC. Sukari ikishuka inajua kuigiza kila ugonjwa.

Aliyetufundisha kiharusi chenyewe ni Dokta Aroni, daktari wa ubongo, mrefu, mpole, anaongea kwa sauti ya chini mpaka unamwinamia. Alikuja kwenye gereji yetu, akakaa juu ya tairi la akiba, akaanza. "Mumwambie acheke kidogo. Mumwambie ainue mikono yote mbili. Mumwambie arudie maneno mafupi. Mudomo ukienda upande, mukono ukianguka, maneno yakipotea, munipigie, hata kama niko kanisani." Na tulimpigia kanisani mara nyingi, maskini. Alituambia kwamba tension hupanda yenyewe mtu akipatwa na kiharusi, tusikimbilie kuishusha, na tumzuie kila shangazi mwenye kidonge mkobani. Alitufundisha kupiga simu hospitali tukiwa bado njiani ili wawashe jenereta, maana mashine ya picha haiendi kwa maombi, na umeme wa mji wetu mnaujua.

Lakini swali lake kubwa lilikuwa moja. Hakuuliza "ameanguka saa ngapi?" Aliuliza: "Nani alimuona muzima mara ya mwisho, na ilikuwa wakati gani?" Kuna dawa inayoyeyusha damu iliyoganda kichwani. Ikiwahi, mtu anaweza kurudishiwa mguu wake na ulimi wake. Ikichelewa, inaweza kumwaga damu ubongoni ikamuua. Muda wenyewe ni saa chache tu. Kama hatujui ugonjwa ulianza lini, Dokta Aroni dawa haitoi. "Siui mutu kwa sababu munamuhurumia," alisema, na sauti haikupanda hata kidogo.

Sasa hapo ndipo kazi yetu ya Bujumbura ina ugumu wake. Watu wetu ni watu wa heshima. Kule Ruziba tulifika kwa bibi mmoja ambaye mdomo umeshapinda, tukakuta wakaza wanawe wanamwogesha. Wanamwogesha! Mmoja anampaka mafuta, mwingine anatafuta kilemba kinachofanana na kitenge, kwa sababu mama mwenye heshima zake hawezi kupitishwa mbele ya majirani vile alivyoanguka. Wa tatu anafunga godoro, sufuria na termosi. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, wakaniambia nisubiri nje kama mgeni.

Wiki iliyofuata Ramazani alikuja na vitenge viwili vipya, vimefuliwa na kupigwa pasi na mke wake, akaviweka kwenye kabati la gari. Toka hapo tukifika tunamfunika mgonjwa vizuri, toka kidevuni mpaka vidoleni, Ramazani anamnyooshea upindo kama anayemvalisha mama yake mzazi, halafu anasema: "Ameshavaa. Twende." Hakuna familia hata moja iliyokataa. Vitenge vile vilituwahisha kuliko king'ora, maana king'ora kikilia mjini kwetu kila mtu anadhani ni mkubwa fulani anapita, anageuka kuangalia badala ya kupisha.

Basi, Jumamosi ile.

Tuliitwa Mutanga Sud, mchana, jua kali, kwenye dot. Ninyi dot zetu mnazijua, lakini kwa atakayesoma akiwa wa mbali nieleze kidogo. Familia ya kijana inakuja kwa familia ya binti kuomba na kutoa mahari, na kila upande una msemaji wake, mzee mwenye ulimi. Hao wawili wanapambana. Mmoja anaomba, mwingine anajifanya hajasikia. Mmoja anataja ng'ombe, mwingine anauliza kama ng'ombe huyo ana macho. Wanajifanya viziwi, wanajifanya wamepotea njia, wanajifanya wamekasirika wanaondoka. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mwishowe binti anatolewa. Msemaji mzuri anagombaniwa mjini kuliko mpishi.

Wa upande wa kijana alikuwa Mzee Kanisius. Nusu ya ndoa za mtaa ule zilipita kwenye ulimi wake. Wa upande wa binti alikuwa Mzee Zakaria, mpinzani wake wa miaka yote. Watu walisema nje ya sherehe hao wawili hata salamu hawapeani.

Tulikuta turubai zimesimama, watu wamependeza, na Mzee Kanisius amekaa chini kwenye mkeka, mgongo umeegemezwa kiti, bia ya kibuyu imemwagika miguuni. Mdomo umevutwa kushoto. Mkono wa kulia umelala. Nikapiga goti.

"Muzee, inua mikono."

Akainua mmoja.

"Sema: leo ni Jumamosi."

Akaniangalia. Akafungua mdomo, ukabaki wazi, na macho yakamjaa machozi. Nimeona watu wengi wakipoteza sauti, lakini huyu sauti ndiyo ilikuwa mali yake yote. Iliniuma, wanangu, na inaniuma hata sasa ninapoandika.

Na nyuma yangu kulikuwa na watu bado wanacheka.

Haki ya Mungu, wanacheka! Kijana mmoja mwenye glasi mkononi akasema: "Ule muzee ni mukali! Anafanya bubu mpaka ameita na ambilansi!" Kumbe maneno yalipoanza kumpotea, walidhani ni sehemu ya mchezo. Walimpigia makofi. Kadiri ulimi ulivyomkauka ndivyo walivyomshangilia, mpaka kibuyu kilipomponyoka, mwili ukamfuata, ndipo mke wake akapiga ukelele.

Sukari ilikuwa nzuri. Tension ilikuwa juu, tukaiacha ilivyo. Ramazani akamfunika, mi nikatafuta mshipa kwenye mkono ule mzima, nikampigia Dokta Aroni na kuweka sauti ya nje.

"Dawa iko," akasema, na nikamshukuru Mungu, maana kulikuwa na miezi ambayo haikupatikana kabisa. "Nani alimuona muzima mara ya mwisho?"

Mke wake akadakia kabla sijauliza. "Yebaba we! Toka asubui hayuko sawa! Namusalimia hanijibu. Namupa chai haioni. Anazunguka mu nyumba anajisemea peke yake!"

Shangazi wa bwana harusi naye akaongeza: "Na wakati wa kuingia apa mudomo ulikuwa umepinda kabisa, anatetemeka, hasikii kitu. Na sisi tulikuwa tunacheka tu, Mungu atusamee." Wawili watatu wakaitikia: ndiyo, mdomo ulikuwa umepinda toka mwanzo.

Kwenye simu Dokta Aroni alikuwa ameyasikia yote. Akasema: "Jenerose, kama ni toka asubui, dawa siitoi. Unajua."

Nilijua. Na Mzee Kanisius alisikia. Akaikazia macho ile simu, akaanza kutikisa kichwa, apana, apana, apana. Lakini mgonjwa wa namna hiyo ndiyo yake na apana yake vinaweza kubadilishana, na huwezi kumwaga dawa ya hatari mshipani kwa kufuata kichwa kinachotikisika. Ushahidi wote alikuwa nao ndani, na mlango wa kuutoa umefungwa.

"Dokta," nikasema, "hapa kazi yao ni kuigiza. Mi siwezi kujua ni wapi mchezo uliisha na ugonjwa ukaanza."

"Basi usiulize wenye walikuwa wanacheka. Utafute mwenye alikuwa anamusikiliza."

Nikainua kichwa. Kwenye sherehe nani anasikiliza? Kila mtu anangoja chupa yake. Anayekusikiliza kweli ni yule anayebishana nawe. Mzee Zakaria alikuwa amesimama kando ya nguzo ya turubai, fimbo mkononi, anafungua mdomo na kuufunga.

"Mzee Zakaria, huyu alianza kuharibika wakati gani?"

"Mimi niko wa upande ingine, mama."

"Ya upande tutaongea kesho. Wakati gani?"

Akamtazama baba wa binti, aliyekuwa karibu naye kabisa. Akayatazama matao ya maua. Hapo nikaona kwamba anajua, na kwamba kuna kitu anakiogopa kuliko msiba. Hasira ikanipanda mpaka kichwani.

"Muzee, huyu mutu ataenda kubaki bubu maisha yake yote, na we umesimama na jibu mu mudomo! Unamuchungia nani?"

Fimbo ikamtoka mkononi.

"Tulipanga," akasema.

"Mulipanga nini?"

"Kila kitu." Alilisema kwa sauti yake ya sherehe, hata wa viti vya nyuma walilisikia. "Tunapangaka kila mara, miaka yote. Hii asubui nilimupigia simu, tukapitia maneno yetu toka mwanzo mpaka mwisho, alikuwa anasema safi, akanichekesha mpaka nikakohoa. Mama, wakati anajisemea mu nyumba, hagonjwi. Anajifunza. Na ule mudomo wa kupinda, ni mimi nilimwambia: ingia kama muzee mwenye meno imekwisha, nami nitakuuliza kama umekuja kuoa ao kuzikwa. Akaingia vile. Kisha akaunyoosha, akaomba binti, akaomba vizuri, kila neno mahali pake. Si mulilia?"

Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, walilia.

"Nyuma ya pale nikamupa neno la ng'ombe wa pembe moja. Ni yeye alipaswa kujibu, tulikuwa tumepatana. Hakujibu. Nikarudia. Akaniangalia tu. Mi nikazani amegeuza mupango ili anishinde mbele ya watu. Nikakasirika, nikamushambulia zaidi, na watu wakapiga makofi." Akapiga goti kando yangu. "Ni pale. Ni pale ilianza, na mi nilikuwa namutukana."

"Pale ni wakati gani?" simu ikauliza.

"Vinywaji vilikuwa vinapita mara ya pili."

"Basi ni sasa hivi tu!" shangazi akasema. "Mara ya tatu hata hatujaanza." Na kwenye dot ya mji wetu, wanangu, hiyo ni saa ya kuaminika kuliko ya ukutani.

Baba wa binti ndipo alipopata sauti. "Zakaria! Mulipanga? Mi nilikuchagua ili unipiganie!"

"Baba," nikamwambia, "mugombane kesho. Leo unipishe njia."

Dokta Aroni akauliza maswali mengine mawili, Zakaria akayajibu mwenyewe kwenye simu, ya asubuhi na ya pale. Kisha tukasikia lile neno tulilolingoja: "Mumulete. Naenda kuandaa mashine."

Mzee Zakaria alipanda ambilansi bila kuombwa. Alimshika Mzee Kanisius mkono, na njia nzima akawa anamrudia maneno waliyokuwa wamepanga, anauliza kwa sauti yake na kujibu kwa sauti ya mwenzake, ng'ombe wa pembe moja na yote yake. Mi nashikilia chupa ya maji ya mshipa, napiga simu hospitali wawashe jenereta, jasho linanitiririka mgongoni. Ilikuwa Jumamosi, barabara imejaa misafara ya maharusi, magari yamefungwa maua, na kila tulipopiga king'ora walitujibu kwa honi wakidhani tuko wa harusi moja. Ramazani hakutukana. Alishusha kioo, akawa anawapungia mkono na kuwapongeza, nao wakampisha kama mwenzao. Mpaka leo sijaona dereva mwingine wa kufanya hivyo.

Tulifika taa zinawaka. Picha ikaonyesha hakuna damu iliyomwagika. Dawa ikaingia. Mi nilikuwa nasubiri kwenye korido na Mzee Zakaria mpaka Dokta Aroni akatoka na kutuambia kwamba vidole vya mkono wa kulia vimeanza kusogea. Zakaria akakaa chini sakafuni, na mavazi yake yote ya sherehe, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mkono ulirudi, mguu ukarudi. Ulimi ulichelewa. Siku nyingi Mzee Kanisius alikuwa anaangalia dari tu. Zakaria alikuja kila siku na swali lake la ng'ombe, anakaa ukingoni mwa kitanda, anauliza, anangoja, anauliza tena, mpaka wauguzi wa wadi wakachoka naye. Siku neno la kwanza lilipotoka, lilikuwa "mujinga". Zakaria alizunguka wadi nzima akiwasimulia wagonjwa wengine kwamba ametukanwa.

Lakini mji wetu ni mdogo. Habari ilitembea kwamba wasemaji hao wanapatana kabla, na watu wakaona wamedanganywa miaka yote. Hakuna aliyemwita Zakaria tena. Baba wa binti yule kila akimwona alikuwa anavuka barabara ili wasikutane. Siku moja nilimkuta Mzee Zakaria nje ya nyumba yake Jabe, nikamuuliza kama anajuta.

"Mama," akasema, "ile siri ilikuwa ya watu wawili. Angebaki bubu, ningeichunga na nani?"

Mi sina la kuwafundisha kushinda hilo. Nashukuru nilifanya kazi kati ya watu kama hao. Namshukuru Ramazani, aliyenifundisha kwamba hata mwenye haraka anaweza kuwa na adabu. Namshukuru Dokta Aroni na swali lake moja, ambalo liliniudhi miaka mingi. Namshukuru hata yule mama wa maziwa wa Jabe, ambaye kila nikipita sokoni ananijaza mchicha kwenye mfuko na kuwaambia wenzake kwamba mi na yeye tuliokoa mtu.

Mwezi uliopita binti yangu Divine alitolewa mahari. Kaka zangu waliponiuliza nani atatusemea, nikawaambia Mzee Kanisius. Na wakwe nikawaomba wamchukue Mzee Zakaria.

"Lakini awa wanapangaka!" kaka yangu mkubwa akalalamika.

"Ndiyo. Kwa hiyo nawataka."

Mzee Kanisius mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu. Aliniambia pole pole, ameshika mkono wa kiti: "Mama Jene, ulimi wangu iko muzito. Neno lingine linakujaka kwa miguu."

"Litakuja, tutalingoja," nikamwambia. Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Kama angekwama mbele ya watu, asingesimama tena kamwe, na mi ndiye ningekuwa nimemsimamisha.

Siku ikafika. Akaanza vizuri. Maneno yake yalitoka moja moja, lakini yalitoka, na watu waliinama mbele kuyapokea. Kisha Mzee Zakaria, kutoka upande wa wakwe, akauliza: "Muzee, uyu binti tumekuja kuomba, jina lake nani?"

Mzee Kanisius akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Akaangalia chini, akaangalia juu. Hakuna kitu. Mkono wake wa kulia ukateremka pole pole mpaka ukaning'inia. Safari hii hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wanajua habari yake. 

Mama wa binti kwenye dot hasogei. Anakaa, anainamisha kichwa, hilo ni la heshima na mi nalijua. Nikainuka. Nikakatiza mkeka mbele ya wakwe wote, simu mkononi, namba ya Dokta Aroni imeshafunguka, nasema moyoni nimemmaliza, nimemmaliza mzee wa watu kwa kutaka kwangu.

"Muzee! Unanisikia?"

Akageuka kwangu, akatabasamu kwa mdomo mzima.

"Kaa chini, Mama Jene," akasema. "Apa tulipanga."

"Ila we, hatukukupanga," Zakaria akadakia kutoka ng'ambo.

Sijui nani alicheka wa kwanza. Mi nilikaa palepale katikati ya mkeka, mama wa binti mzima, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, Ramazani, aliyekuwa kati ya wageni wangu, akanirushia kitambaa. Mzee Kanisius akawaomba wakwe radhi kwa ajili ya mama mwenye haraka, akataja jina la binti yangu, Divine, akalitaja vizuri, akaendelea. Aliongea mpaka bia ikapata moto, na hakuna hata mmoja aliyemkatiza.